Baridi ya Kununua

Darsait, Maskati
8 Oktoba 2024

Shurooq binti Mahbuba, mpwa wangu,

Baada ya salamu, nataka ujue kwamba joto la Maskati haliondoki mpaka mimi niseme liondoke. Usicheke. Watu wa hali ya hewa wana mitambo yao, wana puto wanalirusha angani, lakini mwisho wa yote wananipigia simu mimi: "Ghanim, vipi?" Nikiwaambia bado, hawatangazi kitu. Miaka thelathini nafunga na kufungua viyoyozi vya mji huu, sasa joto litamsikiliza nani kama si mimi? Mwaka jana nilishikwa na mafua nikachelewa kusema, na joto likakaa mpaka katikati ya Novemba watu wakachubuka shingo. Muulize yeyote.

Mambo yako nimeyasikia. Jana nilikwenda Ansab kumsafishia mama yako machujio ya viyoyozi, kama desturi, nikamkuta kanuna. Nikamwuliza, dada, kulikoni? Akasema, "Mpwa wako kaniandikia. Kafika Leeds, kapewa chumba, kapewa mwalimu, na karatasi yake mpaka leo nyeupe." Nikamwambia muziki si maandazi, hauumuki kwa saa. Akasema, "Mimi nimempa mpaka mwaka huu kwisha. Kazini kwake wamemshikia nafasi mpaka Januari. Nisiposikia kwa masikio yangu kitu chake kimoja kinapigwa mbele ya watu kabla ya hapo, arudi akae mezani kwake." Nawe unamjua mama yako. Akisema jambo, hata ukuta unakubali.

Basi usibabaike. Una mjomba. Mimi shule niliacha darasa la saba kwa sababu nilikuwa nishawamaliza walimu, lakini muziki naujua tokea tumboni. Wakati fulani walikuja wapigaji kutoka Kairo kwenye hoteli moja hapa, na mimi niko juu ya ngazi natengeneza kiyoyozi cha ukumbini. Yule mkubwa wao wa fidla anapiga, mimi huko juu nikamwambia: "Yakhe, uzi wako wa tatu umelegea." Akaukaza, akajaribu, akaweka fidla chini, akanipandia ngazini kunibusu kichwa. Sasa mtu kama huyo ni damu yako, weye waogopa karatasi?

Niambie kilichokukwama. Na uniandikie kwa kalamu. Mambo ya kubonyeza kwa kidole gumba ni ya watu wasiokuwa na la kusema. Mimi naandika, mwanangu Raghad anaipiga picha barua anakurushia. Nawe fanya hivyo hivyo.

Mjomba wako,
Ghanim bin Marhoon
Fundi Mkuu


Leeds
15 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya yule mtu wa Kairo. Msalimie Raghad, mwambie picha zinafika safi.

Ntakwambia kilichonikwama. Mwalimu wetu ametupa kazi moja sote: tutunge kipande kifupi juu ya msimu huu. Atachagua vinne, vitapigwa mwanzoni mwa Desemba na wapigaji wa kweli, mbele ya watu. Hicho ndicho Mama anachotaka kukisikia. Nisipochaguliwa, sina kingine cha kumsikilizisha kabla ya Januari.

Na msimu wenyewe, Mjomba, ni wa majani kupukutika. Ni mzuri, siwezi kusema uongo. Njia ya kwenda shuleni ina miti pande mbili, na majani yamegeuka rangi ya manjano na ya kahawia, ukipita yanapasuka chini ya kiatu kama bajia. Wenzangu wote wameshaandika. Mmoja kaandika jani linaanguka. Mwengine kaandika bibi yake kafariki na jani linaanguka. Wanapofika darasani wanapiga, na wote wanahuzunika pamoja, na mimi nakaa pale na skafu yangu nahisi kama mgeni kwenye msiba wa watu nisiowajua. Nikijaribu kuandika hilo jani, linatoka jani la mtu mwengine.

Juzi usiku wamewasha mashine za kupasha joto nyumba nzima. Zinanguruma ukutani, madirisha yote yamefungwa, na sijui hata anayekaa chumba cha pili ana sauti gani.

Nilikuwa nataka kukuuliza, na usinicheke: kwetu msimu ukigeuka, unageuka vipi? Hatuna majani ya kuanguka. Nimezaliwa hapo, nimekulia hapo, na nikifumba macho siukumbuki.

Mwanao,
Shurooq


Darsait
24 Oktoba 2024

Mwanangu Shurooq,

Marahaba. Umemwuliza mwenyewe.

Hukumbuki kwa sababu umekaa unatazama. Msimu wetu hautazamwi. Unasikika. Na mimi jana nimesema joto liondoke, kwa hivyo sasa naweza kukuhadithia ukiwa bado moto.

Ilikuwa baada ya Magharibi. Nimekaa sebuleni, nasikia kama ninavyosikia tokea Mei: ngurumo. Darsait hii, nyumba zimebanana, kila dirisha lina kiyoyozi chake kinatema maji njiani, na sote tumejifungia ndani miezi mitano, jirani yako amekuwa ngurumo tu. Hujui kaamka, hujui anaumwa, hujui kagombana na nani. Unamwona kwenye ngazi mnasalimiana kama watu waliokutana uwanja wa ndege.

Basi nikasikia kiyoyozi cha ghorofa ya juu kikakohoa, kikanyamaza. Nikadhani kimekufa, nikaanza kuvaa viatu. Halafu cha upande wa pili kikanyamaza. Halafu cha duka la chini. Mimi nnavijua vyote kwa sauti, kama mchungaji na mbuzi wake, na vilikuwa vikilala kimoja kimoja. Nikaenda kuzima changu. Wallahi Shurooq, masikio yalinilia kwa kimya.

Nikafungua dirisha. Upepo si baridi, usijidanganye, lakini haukuchomi tena. Na humo ndani ya kimya watu wakaanza kutoka. Ibtihal wa ng'ambo nikamsikia anamwambia mumewe jikoni, "Mara ngapi nikwambie chumvi iko hapo hapo?" Mume anapekua, hawezi kuiona. Nikampigia kelele dirishani, "Nyuma ya mchele!" Maana miaka yote iko nyuma ya mchele. Wakacheka wote wawili, na Ibtihal akasema, "Ghanim, uhai gani huo, kumbe upo!" Nikasikia mtu anakohoa kikohozi ninachokijua. Nikasikia kijiko kwenye kikombe. Mahali fulani kuna mtu anajifunza udi, anapiga vibaya, anarudia pale pale anapokosea, na hakuna aliyemgombeza. Huo ndio msimu wetu. Watu wanarudi, na hakuna aliyekuwa amekwenda popote.

Bibi yako Balqis, Mungu amrehemu, akiuita vuli hata huku kusikonyesha. Jioni kama hiyo alikuwa akifungua madirisha yote, akipitisha chetezo cha udi chumba hata chumba, na akiimba. Alikuwa na wimbo wake maalumu, wa zamani sana, katoka nao Unguja, kafundishwa na bibi yake naye kafundishwa na bibi yake. Haujulikani duniani ila kwetu. Maneno yake ndiyo haya:

Fungua dirisha pana, joto limeshapungua,
Jirani tukiitana, sauti nitatambua.

Ulikuwapo mchana, ila sikukugundua,
Milango tumeibana, baridi ya kununua.

Basi, beti mbili tu. Sauti yake nimeimba kwenye simu ya Raghad, atakutumia. Nimeimba mara tatu kwa sababu mara ya kwanza Raghad alicheka na ya pili nilicheka mimi. Chukua. Ufanye unavyotaka. Ni urithi wako.

Mjomba wako,
Ghanim bin Marhoon


Leeds
6 Novemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na nyengine juu yake.

Nimeandika. Siku nne sikutoka ila kwenda kununua mkate. Kinaanza na besi kubwa, lile fidla refu kama mtu, peke yake, noti moja, chini kabisa, inanguruma tu. Nimeiacha ingurume mpaka mtu aizoee, mpaka asahau kuwa anaisikia. Kisha inanyamaza. Na kwenye kile kimya inaanza fidla moja, polepole, ule wimbo wa Bibi. Halafu nyengine inaitika kutoka upande wa pili, kama jirani. Hata chumvi nimeiweka, Mjomba: filimbi mbili zinagombana kidogo.

Nilipokipiga kwenye piano darasani, hakuna aliyehuzunika. Mmoja alicheka pale kwenye filimbi, na mwalimu akamwangalia, kisha naye akacheka. Kimechaguliwa. Kitapigwa Desemba tano, na kitarushwa mtandaoni papo hapo, nanyi huko mtaona.

Kilichowashika wote ni ule wimbo. Mwalimu ameniuliza umetoka wapi, nikamwambia ni wa bibi yangu kutoka Unguja, umepokezanwa kinywa kwa kinywa. Anataka niandike hivyo kwenye karatasi watakayopewa watu mlangoni, pamoja na maelezo mafupi ya Bibi. Nimemwandikia Mama anikumbushe zaidi: Bibi akiuimba vipi, nani mwengine akiujua. Namwona Mama atakavyofurahi kusikia sauti ya mamake huku.

Sijui nikushukuru kwa lugha gani. Nilikuwa nimeshaanza kutazama masanduku.

Shurooq


Ansab
9 Novemba 2024

Ghanim,

Shurooq kaniandikia ananiuliza juu ya wimbo wa Mama. Nimeusoma mara tatu kutafuta ni Mama yupi.

Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na kila sifa isipokuwa sauti. Akianza kuimba sisi watoto tukimwomba anyamaze, na baba akitoka nje. Udi akifukiza, hilo kweli. Madirisha akifungua, kweli. Lakini akifungua kimya kimya, na hilo lilikuwa jambo la kushukuru.

Tena wimbo wenyewe wa bibi na bibi yake. "Baridi ya kununua." Hiyo baridi bibi yake Mama aliinunua wapi, Unguja, Ghanim? Dukani kwa nani? Uongo wako miaka yote tunaucheka kwa sababu haumdhuru mtu. Huu unakwenda kuandikwa kwenye karatasi, na jina la marehemu juu yake, na mwanangu ndiye atakayesimama mbele ya watu.

Mimi nimemjibu Shurooq kwamba sikumbuki wimbo huo. Sikuongeza neno. Yaliyobaki mwambie weye.

Na machujio ya chumba cha wageni hukusafisha.

Mahbuba


Darsait
11 Novemba 2024

Shurooq,

Nasikia mama yako kakwambia hakumbuki. Asikutie wasiwasi. Yeye alikuwa mtoto wa kusoma, kichwa ndani ya kitabu, vitu vingi vilimpita.

Lakini sasa nimekaa nimefikiri vizuri, na nakumbuka kumbe si Unguja hasa. Bibi yako wimbo ule alipewa hapa hapa, na mwanamke mmoja wa kijiji cha Qantab huko pwani, tulipokuwa mara moja tumekwenda kutembea. Mwanamke huyo alikuwa haongei, akiimba tu. Akitaka unga, anauimbia. Akigombana na mtu, hapo ndipo wanakuja watu kutoka vijiji vya mbali kusikiliza. Siku moja aliimba mpaka punda akakaa. Amefariki. Nyumba yake imebomolewa, na hakuacha mtoto, na waliomjua wote nao wamefariki, na jina lake alikuwa halitaji.

Kwa hivyo andika "mwanamke wa Qantab" na mambo yaishe.

Mjomba wako,
Ghanim bin Marhoon


Leeds
14 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Alhamisi ijayo nampa mwalimu karatasi za mwisho. Huku ukichukua wimbo wa mtu unasema ni wa nani. Nikiandika Bibi, nimemsingizia marehemu, na Mama atajua. Nikiandika mwanamke wa Qantab asiyekuwa na jina wala nyumba wala jirani, nimemwandika punda aliyekaa. Nikinyamaza, watu watafikiri ni wangu, na mimi sitaki kupigiwa makofi kwa kitu cha mtu.

Hadithi zako nimezipenda tokea sijaota meno. Sikuombi uziache. Lakini hii moja nipe ilivyo. Kama umeusikia redioni, sema. Kama ni wa mtu aliye hai, ntamwandikia nimwombe ruhusa, hata akiwa China. Nisipomjua mwenyewe, nitakitoa kipande, na unajua kitakachofuata. Nitarudi Januari, ntakaa mezani, sitamlaumu mtu.

Wimbo ule ni wa nani?

Shurooq


Darsait
15 Novemba 2024

Shurooq,

Usikitoe.

Wimbo ni wangu mimi.

Nimeutunga miaka miwili iliyopita, Oktoba, Ansab, ndani ya gari la kazi. Kulikuwa na mtu kaniita nikamtilie gesi kiyoyozi chake, nikafika, hayupo. Nimezima injini, nimeteremsha kioo, nasubiri. Msimu huu watu hawaniiti sana, hilo nalo ulijue. Joto likiondoka, fundi wake naye anaondoka kwenye kichwa cha watu. Nikawa nimekaa. Nyumba ya pembeni mtu kafungua dirisha, akaita mtu, yule akaitika. Basi tu. Ikanijia ile sauti, nikaivumisha puani, nikaitilia maneno, na nilikuwa peke yangu kwa hivyo hakuna wa kunikataza. Mteja alipokuja nilikuwa nimefika "baridi ya kununua." Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anakuja kununua baridi, nikaona aibu kumtazama.

Tokea siku hiyo nauimba ndani ya gari. Kheiria mke wangu haujui. Raghad ameusikia siku aliyorekodi, na yeye pia nilimwambia wa Bibi.

Sasa kwa nini nilikwambia hivyo. Nimejaribu kukuandikia sababu nzuri, nimechana karatasi mbili. Ukweli ni kwamba ningesema ni wangu ungeupokea kama unavyopokea maneno yangu yote: unacheka, unanipenda, na huchukui hata moja. Ningesema mimi Ghanim, fundi wa viyoyozi, darasa la saba, nimetunga wimbo, ungeuweka pamoja na yule wa Kairo. Nikasema wa Bibi, ukaunyooshea mikono miwili. Kitu kikiwa cha zamani na mwenyewe kafa, sisi watu wetu tunakitia kwenye kitambaa cha hariri. Cha mtu aliye hai, tena jirani, tunakiuliza kimetoka wapi. Nami nilitaka ukitumie. Nilikuona unarudi na masanduku.

Namwomba Mungu anisamehe kwa Mama, maana nimempa sauti aliyokuwa hana, na mahali aliko labda kanicheka.

Na yule mtu wa fidla alikuja kweli, na mimi kweli nilikuwa juu ya ngazi. Yaliyobaki yaache.

Ombi moja. Kwenye hiyo karatasi ya mlangoni usiandike jina langu. Andika "mtu wa Darsait." Nimeshatangaza mambo mengi mimi kwa jina langu, na hili moja sijui nitembee nalo vipi.

Ghanim


Leeds
6 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Kimepigwa jana, adhuhuri yetu, jioni yenu.

Sikukutii. Nakutumia picha ya karatasi ya mlangoni uione mwenyewe; Mama nilimtumia mapema. Mstari wa pili chini ya jina langu umeandikwa: Wimbo na maneno, Ghanim bin Marhoon, Darsait. Nilikuwa nataka kutia na "Fundi Mkuu," mwalimu akaniuliza fundi mkuu wa nini, nikamwambia wa joto, akasema hilo litachukua maelezo mengi.

Ukumbi haukujaa lakini ulikuwa na watu. Mvua nje, makoti yanatoa mvuke. Ile besi ilipoanza nilimwona mwanamke mmoja wa mbele anageuka kutazama mashine ya joto ukutani, kadhani ndiyo inayonguruma. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, imekamata. Iliponyamaza, wote waliinua vichwa kidogo, wote pamoja, kama watu walioitwa. Kisha ukaingia wimbo wako. Mjomba, siwezi kukuandikia. Baadae kijana aliyepiga fidla ya kwanza aliniuliza kama mwenyewe ametunga nyengine. Nikamwambia nitamwuliza.

Mama kanipigia nikiwa bado nyuma ya ukumbi. Unajua alivyo. Akasema, "Nimesikia." Akasema, "Kazini nitawaambia wampe mtu mwengine hiyo meza. Kaa huko umalize, na uvae soksi." Nimekaa chini hapo hapo sakafuni.

Akasema pia kwamba mlikusanyika nyote kwake mkatazama, na kwamba ulipoanza wimbo alisema kwa watu wote, "Huu ni wa kaka yangu," akageuka kukutazama, na ulikuwa umetoka. Hakuniambia umekwenda wapi. Ulikuwa wapi? Na ulionaje? Nimesikia ya mwalimu, ya wenzangu, ya Mama. Nilikuwa nangoja yako.

Shurooq


Darsait
8 Desemba 2024

Shurooq, mwanangu,

Marahaba, na mabruki, na hongera.

Siku kama ile Ansab haijapata kuiona tokea ilipojengwa. Magari yalifika mpaka barabara kuu, polisi ikabidi waongoze. Watu mia tatu, wengine juu ya ukuta. Mama yako kapika biriani masufuria sita, na televisheni tuliitoa uani watu wapate kuona, na uliposimama kupiga salamu, vigelegele vilisikika mpaka Qantab huko, mashua zikageuka.

Tulikuwa watu tisa. Televisheni ilikuwa pale pale ilipo siku zote. Biriani kweli ilikuwepo.

Ukiona barua hii imekaa upande na kidole changu kimeingia pembeni, ni kwamba nimeipiga picha mwenyewe. Raghad haijui, na Kheiria haijui, na mama yako asiione.

Ile ngurumo ya mwanzo niliisikiliza yote, nayo umeipatia, ni ya kompresa nzee ya kiyoyozi yenye miguu iliyolegea, nilitaka hata kuwaambia watu namba yake. Nimekaa mbele, mto mgongoni, nimewanyamazisha watu wawili. Halafu ikanyamaza. Nikajua sasa ndiyo unakuja. Nikaogopa kuusikia mbele ya watu, Shurooq. Nikasimama. Nikasema, "Nasikia kiyoyozi cha juu kina tatizo." Mama yako akasema, "Ghanim, viyoyozi vyote vimezimwa." Nikasema, "Ndilo tatizo lenyewe," nikachukua spana, nikapanda juu ya paa.

Waliponiuliza baadae niliwaambia niliusikia kutoka kule juu, na kwamba pale katikati ulizidi uzuri. Leo asubuhi Ibtihal kaniuliza dirishani, nikamwambia kuna mahali fidla mbili zinaitana, nilitokwa na machozi. Hiyo ya fidla nimeitoa kwenye barua yako.

Umeniuliza nilionaje. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji, nimechutama, nimejitia vidole masikioni viwili hivi, mtu mzima, mpaka Raghad alipokuja kunigusa bega akasema chai tayari. Sijausikia, mwanangu. Hata kidogo.

Ghanim